Uliyembeba Akiwa Mdogo

Mjomba wangu ana saluni ya kunyoa mjini Mbale. Mwaka jana alinunua tangi la kioo, ili wateja wapate kitu cha kutazama wakisubiri zamu. Mimi nilikuwa natoka Jinja. Kwenye mwalo mmoja nikaona sangara wadogo, urefu wa kidole, bado wanapumua ndani ya beseni. Sheria ya Uganda hairuhusu kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, kwa hiyo hao hata hawakupaswa kuwa pale. Nikaomba watano. Nikawatia kwenye dumu la maji, nikapanda teksi: Iganga, Tirinyi, mpaka Mbale. Abiria wakacheka, ati kijana huyu anahamisha ziwa.

Wateja waliwapenda sana. Baadaye mjomba akaongeza nkejje wanane wenye rangi nzuri. Wiki mbili tu, nkejje wakaisha. Halafu sangara watano wakawa wawili, kisha mmoja. Hakuna aliyeugua, walikuwa wanakulana. Mwezi wa saba yule aliyebaki alikuwa anageuka kwa shida ndani ya kioo. Mjomba akanipigia simu: "Mpwa wangu, huyu samaki wako nimpeleke wapi?"

Alisema "wako." Neno hilo lilininyima usingizi. Kosa ni la nani?

Si la samaki. Sangara anakula samaki wenzake kama mbuzi anavyokula majani. Kwetu Uvira, Ziwa Tanganyika lina ndugu zake wanne, na mmoja wao ni mukeke, yule tunayemchoma na kumsifu. Hakuna anayewaita maadui. Wameishi humo na samaki wengine tangu zamani sana.

Ziwa Viktoria ni habari nyingine. Sangara wa mto Nile alikuwa chini ya Maporomoko ya Murchison na hakuweza kuyapanda. Miaka ya 1950 watu walimbeba wakamvusha. Nia yao haikuwa mbaya: walitaka nkejje, samaki wadogo wenye miiba, wageuke kuwa nyama ya samaki mkubwa. Na kweli, alilisha watu wengi na kuleta viwanda vya samaki, hata Jinja. Lakini aina nyingi sana za nkejje zilipotea. Uchafuzi wa maji ulichangia, ila yeye alikula sehemu kubwa. Baadhi ya waliopona walijificha kwenye miamba na katikati ya mafunjo, ambako hewa ndani ya maji ni kidogo na sangara hawezi kukaa. Sisi wa kambini tunaelewa hilo: mahali pagumu ndipo penye usalama.

Najua kuna watakaosema: basi wageni wote ni sangara, wanamaliza vya wenyeji. Hapana. Mtu anaweza kuambiwa akasikia, anaweza kugawana, anaweza kujizuia. Hadithi hii mimi naisoma kwa upande wa aliyebeba dumu. Samaki hakuomba safari. Aliyemwona mdogo na mzuri, akasema "nitampenda," ndiye alipaswa kujiuliza atakavyokuwa akikua.

Nilitafuta njia ya kutoka. Kummwaga mto Namatala? Samaki waliomo hawajanikosea kitu. Kumpa mtu mwenye bwawa la ngege? Hasara ingekuwa yake. Kumwacha kwenye kioo? Ni kumtesa. Nikaenda Mbale, nikamchinja mwenyewe, mke wa mjomba akampika, tukala. Sikujisikia shujaa. Kila njia ilikuwa na ubaya wake, kwa sababu nilichelewa kufikiri. Wakati wa kufikiri ulikuwa pale mwaloni, kabla ya dumu kujaa.

Hapa niseme langu lingine. Mwaka juzi nilianzisha kikundi cha kusoma, watoto kumi na wawili, kila Jumamosi. Miezi minne kilienda vizuri, watoto wakaanza kuleta maswali makubwa na matatizo ya nyumbani. Nikachoka, nikaacha bila kuaga. Mpaka leo kuna kijana mmoja, tukikutana kwenye foleni ya maji, ananiuliza: "Kaka, Jumamosi tunakutana?"

Mtoto si samaki, na mfano wangu unaishia hapo. Samaki nilimmaliza kwa kisu. Imani ya mtoto haina njia ya mkato namna hiyo. Ukishaibeba, inakua, na unadaiwa kadiri inavyokua. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoanzisha miradi, wageni na wenyeji wa kambi, mimi nikiwa wa kwanza: tusihesabu tu watoto wangapi wamekuja siku ya kwanza. Tuulize nani atakuwepo wakishakuwa wakubwa, na kama hayupo, tuwaambie mapema.

Yule kijana nimemjibu. Jumamosi tunakutana.