Asiyetaka Kujua, Je, Hana Lawama?

Asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye. Hilo lakubaliwa na wote. Lakini vipi yule awezaye kujua, naye akakataa kwa hiari yake? Swali hili si la wenye elimu peke yao. Laingia katika kila nyumba yenye mama asemaye, “Mimi siumwi, ya nini kwenda kupimwa?”

Tufikiri juu ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Tanzania huwapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Nayo haiji ghafula. Kwanza kirusi kiitwacho HPV huingia katika utando laini unaoufunika mlango huo. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe. Kisipoondoka, chembe za utando huweza kuanza kugeuka umbo, na kwa kawaida hupita miaka mingi, pengine 10 au 20, kabla hazijawa saratani. Muda huo wote mama haoni maumivu. Alima, apika, alea watoto. Kumbe ndio wakati ambapo tiba ni nyepesi. Mhudumu hupaka siki hafifu, na baada ya dakika moja hivi mahali palipogeuka huwa peupe. Mara nyingi hutibiwa siku ile ile kwa baridi kali au kwa joto.

Wako wasemao kwamba mabadiliko mengi hupona yenyewe, basi kupima ni kutia watu hofu bure. Ni kweli, mengi hupona. Lakini hakuna awezaye kumwambia mama kwa hakika kwamba yake yatapona. Hofu ya siku moja si kitu mbele ya kilio cha watoto waliofiwa na mama yao. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Walakini tusimtwike mama lawama yote. Mama asiyepata kuelezwa hana kosa, wala yule ambaye zahanati i mbali naye. Bali yuko mume amnyimaye mkewe nauli na ruhusa. Yuko na jirani anong’onaye kwamba aendaye kupimwa ana mwenendo mbaya. Kirusi hiki huenea kwa kujamiiana, lakini ni cha kawaida mno. Hata mke mwaminifu, aliyemjua mume mmoja tu, aweza kuwa nacho. Amwaibishaye mwenzake hata asiende kupimwa amemfungia njia ya kupona.

Basi, kutojua ni bahati mbaya. Kukataa kujua ni uamuzi, na mwenye uamuzi hana budi kuujibia. Baba wa nyumba, usingoje mkeo aumwe. Msindikize angali mzima. Na binti yenu asikose chanjo, ambayo Tanzania yawapa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018.