Asiyekuwepo na Lake Lipo

Methali husema kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Wanaoitumia huitumia penye mgawo: chakula kimepakuliwa, samaki wamegawanywa ufukweni, aliyechelewa na asilalamike. Mahali pake hapo methali hiyo ni ya haki. Lakini methali ni kama dawa, huponya ugonjwa mmoja na kuzidisha mwingine. Ikihamishwa kutoka penye mgawo ikapelekwa penye madhara, hugeuka kinga ya mkosaji. Mfano wa karibu wa jambo hili uko mitaani, nyuma ya gari lililoegeshwa.

Mtwara ni mji unaofaa kuulizia swali hilo. Msimu wa korosho ukifunguliwa, mnamo Oktoba, malori huingia maghalani na kurudi nyuma katika nafasi finyu. Bajaji hujipenyeza sokoni. Na huko Mikindani, njia za mji mkongwe zilizopitiwa na wachukuzi kabla gari halijabuniwa hulazimishwa kupitisha magari. Mwenye gari ameliegesha, mwenyewe yuko sokoni, msikitini, au amekwenda Ligula kumtazama mgonjwa. Akirudi hukuta bampa limepasuka, buti limebonyea, na vigae vya taa vimetapakaa chini. Aliyeyafanya hayo ameondoka. Hapo ndipo swali huzaliwa: kilichoharibika ni kitu gani, na ni nani awezaye kukitengeneza?

Upande wa chuma una jibu, na mafundi wa gereji wanalijua vizuri. Bati lililobonyea hugongwa kutoka ndani na kuvutwa kutoka nje mpaka likurubie umbo lake. Puti hupakwa nyembamba ili kufuta mawimbi yaliyosalia. Hufuata msasa, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe. Fundi mvivu huanzia mwisho. Hulijaza bonde lote puti nene, akalipaka rangi, na gari likang'aa kama lilivyotoka melini. Pwani hailisamehe kosa hilo. Hewa ya chumvi inayovuma kutoka Msimbati na mdomo wa Ruvuma hupenya katika ufa mdogo wa rangi, kutu ikalila bati chini kwa chini, hata siku moja puti likabanduka kipande kizima. Mafundi wa mashua wa pwani hiyo hiyo wana adabu ya namna hiyo: kalafati mpya haitiwi juu ya iliyooza. Ile ya zamani hutolewa kwanza, ufa ukaonekana ulivyo, ndipo pamba mpya ikashindiliwa. Kwa mafundi hawa wote wawili, kilichofichwa bado hakijatengenezwa.

Lakini hata kazi ya fundi hodari kuliko wote huacha kitu nje, na lugha yenyewe hukidokeza. Kiswahili kina njia tatu za kulisimulia tukio hili. Ya kwanza: taa imevunjika. Hiyo ni kauli ya kutendeka, isiyomtafuta mtu. Taa imevunjika kama embe linavyoanguka likiiva. Ya pili: taa imevunjwa. Sasa yupo mtendaji, ila amefichwa nyuma ya kitenzi, na kila anayesikia humtafuta kwa macho. Ya tatu: nimeivunja taa yako. Hapo mtendaji amesimama mbele ya mtendewa. Gereji inaweza kuiondoa athari ya kauli zote tatu kwenye bati. Haina nyundo ya kuibadili kauli ya pili ikawa ya tatu. Kazi hiyo ina fundi mmoja tu duniani, naye ndiye aliyegonga.

Huenda akatokea msemaji akauliza: kuna madhara gani hasa, ikiwa mwenye gari ana uwezo, na ufa ni mdogo? Jibu liko katika yale yanayofuata ukimya. Mwenye gari, asipojua ni nani, hushuku wengi. Humshuku kijana wa bajaji anayeegesha pembeni, watoto wachezao mpira, jirani waliyepishana naye maneno juma lililopita. Muuza matunda aliyeona hunyamaza ili asijitie matatani, na ukimya wake humpunguzia jirani yake amani. Kwa hiyo aliyeondoka kimyakimya hakuuacha mzigo wake chini. Amewagawia watu wasio na hatia, kila mmoja sehemu yake. Mafundisho ya dini yaliyozoeleka pwani hutenganisha haki ya Mungu na haki ya mja, nayo husema kuwa haki ya mja haifutwi kwa toba ya faraghani. Hurejeshwa kwa mwenyewe, au mwenyewe huombwa radhi. Si lazima mtu awe mwana wa dini hiyo ndipo aione hekima yake: deni huelekea kwa mtu, na mtu hawezi kulipwa na asiyejulikana.

Sheria nayo imeuona ukweli huu kwa njia yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka dereva aliyepatwa na ajali asimame na ajitambulishe. Bima ya lazima, iitwayo bima ya mtu wa tatu, imewekwa kwa ajili ya anayedhuriwa na chombo cha mwingine. Lakini haina pa kuanzia pasipo kujulikana aliyedhuru. Kila mlango wa fidia hufunguliwa kwa jina.

Hata hivyo, haifai kulitaja jina kana kwamba halina gharama. Dereva wa bajaji mara nyingi si mwenye chombo. Kila jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri wake, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Taa moja ya nyuma inaweza kuumeza ujira wake wa siku nyingi. Mtu huyo anapokimbia hakimbii ukweli peke yake. Anakimbia pia kelele, kofi la hadharani, na bei itakayopandishwa kwa sababu tu amepatikana. Hapa ndipo wajibu unapomgeukia mwenye gari. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969, aliwapa wasomaji wa Kiswahili sura ya mdai ambaye mkataba uko upande wake, anayekataa fedha maradufu na kung'ang'ania ratili ya nyama. Anayedai bampa jipya kwa mkwaruzo, au gharama ya uchakavu wa miaka mitano kwa kosa la dakika moja, amelishika kisu lile lile. Naye huwafunza madereva wote wanaotazama kwamba kukimbia kuna faida. Anayetaka kuambiwa ukweli asiufanye ukweli kuwa ghali kuliko uongo.

Basi matengenezo kamili ya nyuma ya gari yana mikono mitatu. Mmoja ni wa fundi, unyooshe bati bila kuficha. Wa pili ni wa aliyegonga, uandike jina na namba ya simu kwenye kipande cha karatasi na kukibana chini ya waipa, hata kama mfukoni hamna kitu na malipo yatakuwa ya kidogo kidogo. Wa tatu ni wa mwenye gari, uipokee karatasi ile kwa kipimo. Ukikosekana wa kwanza, gari litaota kutu. Ukikosekana mmoja wa hiyo miwili, gari litang'aa, na kutu itakuwa katika watu.

Penye mgawo wa samaki, methali na ibaki ilivyo. Penye gari lililogongwa, mwenyewe hayupo, na lake lipo.