Uzima wa Mtaala

Mtaala mzima ni ule unaokataa kumkatakata mwanafunzi kwa ratiba. Hisabati saa mbili, jiografia saa tatu kasorobo, kengele, kisha Kiingereza: mpangilio huo ni rahisi kuusimamia, lakini hakuna ndani yake kinachokumbuka kwamba mtoto anayetoka kipindi kimoja ndiye yuleyule anayeingia kingine. Kiswahili kina bahati katika jambo hili, kwa kuwa mzizi wake -zima hubeba maana tatu kwa pamoja. Nyumba nzima ni nyumba yote bila kubakiza chumba. Mtu mzima ni aliyekomaa. Na anayesema yu mzima amekusudia kwamba hana ugonjwa. Ujumla, ukomavu na afya vimefungwa katika neno moja, na elimu inayojiita nzima huahidi vyote vitatu, hata pale wanaoiuza wanapodhani wameahidi kimoja.

Umri ambao ahadi hiyo hujaribiwa zaidi ni kati ya miaka 11 na 16. Ndio umri uliolengwa na Programu ya Miaka ya Kati ya shirika la International Baccalaureate, maarufu kama IB, lililoanzishwa Geneva mwaka 1968. Programu yenyewe ilianza mwaka 1994. Kwa miaka mitano mwanafunzi hupita katika makundi manane ya masomo: lugha na fasihi, lugha ya kujifunza, watu na jamii, sayansi, hisabati, sanaa, elimu ya mwili na afya, na usanifu. Kila kundi hutengewa angalau saa 50 kwa mwaka. Kufikia hapo hakuna jipya. Shule nyingi zina orodha inayokaribiana na hiyo. Upya upo katika sharti kwamba kila mada ifungwe kwenye dhana pana, kama vile mabadiliko au mifumo, kisha iwekwe katika muktadha wa dunia, kwa mfano haki na maendeleo, au utambulisho na mahusiano.

Kabla ya shirika lolote la Geneva, pwani na bara vilikuwa na elimu nzima kwa watoto wa umri huohuo. Jando na unyago havikuwa na masomo. Mwari hakufundishwa afya Jumatatu na maadili Jumanne. Mwili, kauli, kazi, ndoa, heshima kwa wakubwa na wajibu kwa ukoo vilikuja katika ngoma moja na vitendawili vilevile. Elimu hiyo ilitimiza maana zote tatu za uzima, lakini ilimkamilisha mtu kwa ajili ya watu wake tu. Mgeni hakuwemo ndani yake isipokuwa kama mtu wa kujihadhari naye. Shule ya kikoloni ikafanya kinyume chake: ilimfundisha mtoto mito ya Ulaya na wafalme wa Uingereza, ikamfungulia dirisha la mbali, na papo hapo ikampasua, akawa na akili ya darasani na akili ya nyumbani zisizosalimiana. Swali la kifalsafa la mtaala wa kimataifa ulio mzima linatokana na historia hizo mbili: je, inawezekana kuunganisha upana wa pili na uzima wa kwanza, au kila kimoja hununuliwa kwa bei ya kingine?

Swali hilo si geni Kilimanjaro. Kuelekea mwaka 1980, Chama cha Shule za Kimataifa kilikutana Moshi, katika shule ya kimataifa iliyoanzishwa pale mwaka 1969, kujadili mahitaji ya watoto wa miaka 11 hadi 16. Wazo la programu ya umri huo likapata msukumo kutoka hapo. Chimbuko la mbali zaidi ni Geneva mwaka 1924, ilipofunguliwa shule kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Wazazi wale walikuwa wamekusanyika kutoka nchi nyingi kuzuia vita nyingine, na watoto wao hawakuweza kufundishwa historia ya taifa moja kama kwamba ndiyo historia. Kwa hiyo elimu ya kimataifa ilianza kama dawa ya tatizo la watu wachache waliokuwa wakihamahama. Baadaye ndipo ikageuzwa kuwa nadharia kwa ajili ya watoto wote, na mpaka leo nguo hiyo haijawakaa wote sawasawa.

Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa uzima huu, holism, nalo lina ukoo wake. Lilibuniwa na Jan Smuts, jenerali na waziri mkuu wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1926, Holism and Evolution. Smuts alidai kwamba maumbile yana mwelekeo wa kujenga vitu vizima vilivyo zaidi ya jumla ya sehemu zake. Mtu huyohuyo alishiriki kuunda Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1945 alichangia kuandika dibaji ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Na mtu huyohuyo aliamini kwamba Waafrika weusi watawaliwe kando, bila kura. Maneno mawili yanayopamba vipeperushi vya shule, uzima na umataifa, yalikaa katika kichwa kimoja kwa raha kabisa, na walio wengi katika nchi yake wakabaki nje ya yote mawili. Hilo halibatilishi wazo lenyewe, ila linaonyesha kwamba neno “zima” halisemi mpaka wake ni upi. Lazima kila mara iulizwe: zima ya nani?

Uzima wa mtaala hueleweka kwa njia tatu, na mbili kati yake ni dhaifu. Ya kwanza ni ya kujumlisha: ongeza muziki, ongeza michezo, ongeza bustani, na mtoto atakamilika. Hii humchosha mwalimu na kuinenepesha ratiba, lakini vipande vikiongezeka hubaki vipande. Ya pili ni ya kupaka mada juu: juma hili ni la maji, basi hisabati wahesabu ndoo, sanaa wachore mvua, Kiswahili waandike shairi la bahari. Wazazi hufurahi siku ya maonyesho. Lakini ukimwondoa mchora mvua, mhesabu ndoo hapungukiwi na chochote, na hapo ndipo udanganyifu wa njia hii unapojulikana. Njia ya tatu huanza na swali ambalo hakuna somo moja linaloweza kulijibu peke yake. Masomo hapo hayakutanishwi kwa adabu; yanahitajiana.

Mfongo unaweza kuonyesha tofauti hiyo. Mfongo ni mfereji wa kumwagilia unaochukua maji ya kijito cha Mlima Kilimanjaro na kuyapitisha kwenye mteremko mpaka kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Wachaga wamechimba mifongo kwa karne nyingi. Darasa la kidato cha pili likipelekwa kwenye mfongo na kuulizwa kama maji yanawatosha wote wanaoyategemea, kazi ya kwanza ni kupima. Mwanafunzi mmoja anadondosha gunzi la hindi majini, mwingine anasimama mita 10 chini akiwa na saa. Gunzi linafika baada ya sekunde 20. Mfereji una upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 20, basi eneo la mkato ni mita za mraba 0.12, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde. Zao lake ni lita 60 kwa sekunde. Mtu mmoja lazima aulize kama maji ya chini yanakwenda sawa na gunzi linaloelea juu. Hayaendi: udongo na mawe huyavuta. Jibu hupunguzwa kwa takriban sehemu moja ya tano, na kubaki lita 48.

Lita hizo bado hazijajibu swali. Ni za nani, na siku gani? Hapo hisabati inakwama, inabidi kumuuliza mzee anayejua zamu za mfongo, ukoo gani ulichimba, na nani huketi kikaoni na nani haketi. Halafu kuna chanzo. Watoto wengi wamesikia kwamba barafu ya Kilimanjaro inayeyuka, nao huhitimisha kwamba ndiyo maana vijito vinapungua. Utafiti unaelekeza kwingine: maji mengi ya mlima hutoka kwenye mvua inayonyea ukanda wa misitu, na barafu huchangia kidogo. Aliyekuwa amekwisha kuchora bango la barafu inayolia hana budi kurudi mezani. Tena maji hayaishii kwenye mgomba. Yanayobaki hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, huendesha mitambo ya umeme, kisha hufuata Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Anayefungua mfereji Machame anamgusa anayewasha taa Tanga, bila hata mmoja wao kujua. Umataifa wa kweli hufanana na hili kuliko unavyofanana na siku ya bendera, ambapo watoto huvaa kitenge, sari na kimono na kula sambusa: ni kufuata jambo la karibu mpaka liwafikie watu usiowajua.

Methali husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika methali hiyo ulimwengu ni kiboko, mwalimu wa walioharibikiwa. Mtaala wa kimataifa umeugeuza kuwa mlezi, na zaidi ya hayo unamtaka mtoto akubali kwamba watu walio tofauti naye nao huenda wakawa na haki. Wengi huisoma kauli hiyo kama upole tu, kumbe ni dai zito kuhusu elimu yenyewe. Kusema mwingine huenda ana haki si kusema kila mtu ana haki. Ni kusema kwamba lipo jambo la kweli au la kosa, na kwamba mimi naweza kuwa upande wa kosa. Mhandisi wa bonde la Mto Pangani anayeona mfongo wa udongo unapoteza maji mengi ana haki. Mzee anayesema mfereji wa saruji utakausha migomba iliyokuwa ikinywa upenyo huo naye ana haki. Kijana anayewaacha wote wawili kwa kusema “kila mtu na mtazamo wake” hajawa wa kimataifa, amekwepa kazi.

Programu ya Miaka ya Kati haina silabasi. Inatoa fremu, na shule ndiyo huchagua maudhui. Huo ndio uwezo wake na ndio udhaifu wake. Fremu hiyohiyo inaweza kujazwa mfongo, na inaweza kujazwa mifano iliyonakiliwa kutoka kitabu cha London, ukaguzi ukapita bila tatizo. Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alianza upande wa pili: shule iwe na shamba, na elimu itumikie kijiji. Mahali palikuwa wazi tangu mwanzo. Kilichoharibika katika shule nyingi ni kwamba shamba lilibaki shamba, jembe saa tisa alasiri, bila kemia ya udongo wala hesabu ya mavuno kuingia darasani asubuhi. Kenya nayo, katika Mtaala wa Umilisi ulioanza mwaka 2017, imeandika mawazo yanayokaribiana sana na ya Geneva, ila inayapeleka katika shule za umma zenye madarasa yaliyofurika. Shule za kimataifa, ambazo ada yake kwa kawaida hutajwa kwa dola, hazijawahi kujaribiwa kwa kipimo hicho.

Upimaji ndio mahali uzima unapotikisika zaidi. Katika kila kundi la masomo kuna vigezo vinne, kila kimoja na alama 8. Jumla ya 32 hugeuzwa kuwa daraja la 1 hadi 7. Ni mfumo wa haki kuliko kumpanga mtoto wa ngapi darasani, kwa kuwa humpima kwa kazi yake na si kwa jirani yake. Lakini kila kigezo ni kisanduku, na kisichoingia kisandukuni hufifia. Aliyetambua katikati ya kazi kwamba swali lake lilikuwa baya hupata alama kwa kuueleza utambuzi huo katika tafakuri iliyoandikwa vizuri. Mwenye kutambua vizuri na kuandika vibaya hupungukiwa.

Basi lugha ndiyo mlango wa mwisho. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya mradi binafsi: huchagua jambo, huliendesha mwenyewe kwa miezi, kisha huandika ripoti ambayo shirika huihakiki kutoka nje ya shule. Anayechagua mfongo wa babu yake atakusanya habari kwa Kichaga, atazijadili na wenzake kwa Kiswahili, na mara nyingi ataandika kwa Kiingereza. Katika kuhama huko kote atalazimika kuamua ni maneno yapi yavuke na yapi yabaki. “Mfereji” litasomeka upesi, lakini limeacha nyuma zamu, ukoo na kikao. Akiandika “mfongo” atahitaji aya nzima ya kumweleza mhakiki asiyewahi kuuona, na ripoti ina kikomo cha kurasa.