Mchezo wa Mmoja, Riziki ya Mwingine

Zipo kazi hapa duniani ambazo mtu mmoja huzifanya kwa dhiki na mwingine huzifanya kwa burudani. Mvuvi wa Ziwa Victoria hukesha majini ili watoto wake wale. Mtu wa mjini mwenye nafasi hulipa fedha akae kutwa nzima na ndoana, na hata asipopata samaki hurudi nyumbani amefurahi. Mpagazi hupanda Mlima Kilimanjaro na mzigo kwa ajili ya ujira. Mgeni anayeongozana naye amelipa ili apande. Jasho ni lile lile na njia ni ile ile. Je, ni halali kwa mwenye shibe kuifanya shida ya mwenzake kuwa mchezo wake?

Swali hili nimelitafakari tangu nilipokwenda Marekani kumtembelea binti yangu. Wakati wa likizo alitupeleka, mimi na mjukuu wangu wa miaka tisa, katika kijiji cha Coloma, jimbo la California, tukaoshe dhahabu. Hapo ndipo, tarehe 24 Januari 1848, James Marshall, fundi aliyekuwa akijenga kiwanda cha kupasulia mbao kwa ushirika na John Sutter, alipoona vipande vya dhahabu katika mfereji wa maji. Habari zilipoenea, watu wapatao 300,000 walimiminika California katika miaka michache iliyofuata. Leo mahali hapo ni hifadhi ya historia. Mgeni anaruhusiwa kuosha mchanga wa mto katika sehemu iliyotengwa, mradi atumie mikono yake na karai tu. Koleo haliruhusiwi.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unachota changarawe, unazamisha karai majini na kulitikisa, kisha unaliinamisha na kulizungusha polepole ili maji yachukue vilivyo vyepesi. Siri yote ni uzito: dhahabu ni nzito kiasi cha mara 19 kuliko maji, na mchanga wa kawaida haufiki mara 3. Mwenye subira hubakiwa na mchanga mweusi, na akibahatika, ndani yake chembe ya njano. Baada ya saa mbili tulikuwa na chembe mbili, kila moja ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Mjukuu wangu alishangilia kama aliyeshinda kombe. Nami nilifurahi, sikatai. Kisha maji yakawa baridi mno, mgongo ukaniuma, tukaenda kula.

Lakini macho yangu yalikuwa yakiijua kazi ile tangu zamani. Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya dhahabu. Kila habari za machimbo mapya zilipofika kijijini, madawati ya darasa la sita na la saba yalibaki matupu. Wavulana waliteremka kwenye maduara, yaani mashimo yaendayo chini kama visima. Wasichana na mama zao waliinama penye maji, wakiosha mchanga ambao wengine wameshauosha na kuutupa, ambao huko huitwa marudio. Dhahabu ikionekana walitia zebaki ili iikamate, kisha wakaichoma motoni, na moshi wake, ambao hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni, waliuvuta wote waliokuwa karibu. Siku moja nilimfuata mzazi nyumbani kwake nikamtaka amrudishe mwanawe shuleni. Alinijibu kwa adabu, “Mwalimu, cheti chako nakiheshimu. Ila usiku wa leo hatuwezi kukila.”

Nilikuwa nimemsimulia mjukuu wangu haya njiani tulipokuwa tunakwenda. Basi tulipoketi kula aliniuliza, “Babu, na wale watoto wa shule yako, wakichoka walifanya nini?” Binti yangu aliniangalia, akasema, “Baba, usimharibie mtoto siku yake.” Nilimjibu mtoto ukweli: wakichoka, waliendelea.

Niseme kwanza kwa upande wa mchezo, kwani una utetezi wake. Watoto wetu hupika ugali wa udongo, wakawa baba na mama, mwalimu na mwanafunzi, na hakuna anayesema kwamba wanawadhihaki wazazi. Kwa kuiga ndivyo wanavyojifunza. Aliyeosha karai kwa saa mbili amejua jambo ambalo kitabu hakikumpa: jinsi dhahabu ilivyo chache, na jinsi mgongo unavyouma. Isitoshe, kama nisingeinama pale mtoni, hakuna mchimbaji hata mmoja ambaye angeinuka. Furaha yangu haikumwibia mtu.

Hata hivyo wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimejiuliza tofauti iko wapi hasa, maana kiuno kiliinama vile vile, na maji yalikuwa baridi kweli. Naona iko katika uwezo wa kuacha. Mimi nilipochoka niliondoka, na chakula kilikuwa kinaningoja, chembe zipatikane zisipatikane. Mama wa marudio akiondoka mapema, anaondoka na njaa ya watoto wake. Kwa hiyo mwenye likizo huionja kazi bila kuionja hofu, na hofu ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Katika sehemu nyingi za utalii hata kukosa kumeondolewa: mchanga huchanganywa kwa makusudi na chembe chache ili mgeni asirudi mikono mitupu. Ni ukarimu, sawa, lakini mtu anaweza kurudi kwao akidhani ameijua kazi ya dhahabu.

Wengine watasema kwamba Coloma ni mambo ya kale, na yaliyopita si ndwele. Lakini waliokuja wakati ule hawakuja kucheza. Wengi walitumia walichokuwa nacho, wakarudi maskini au hawakurudi kabisa. Marshall mwenyewe alikufa mwaka 1885 akiwa fukara, na sanamu yake ikasimamishwa pale mwaka 1890. Wenyeji wa bonde lile, Wanisenan, walipoteza nchi yao. Wanahistoria wanakadiria kwamba wenyeji wa asili wa California walikuwa kiasi cha 150,000 kabla ya dhahabu kuonekana, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1870 walibaki kama 30,000, kwa maradhi, njaa na kuuawa. Kupita kwa miaka peke yake hakuigeuzi shida ikawa mchezo. Huigeuza kusahau.

Ndiyo maana simwambii mtu aache kuosha dhahabu likizoni, wala sioni kwamba jibu langu lilimharibia mtoto siku. Furaha inayoharibika kwa kuambiwa ukweli ilikuwa imejengwa juu ya kutojua. Ninachosema ni kwamba uwezo wa kuacha ni neema, na neema ina deni lake. Aliyeinama saa mbili kwa chembe mbili asiitazame tena pete ya sonara kama kitu kilichoota dukani. Ajiulize ni migongo mingapi iliyoinama kwa ajili yake, na ni moshi gani uliovutwa. Na asikiapo kwamba mtoto fulani wa machimboni ameacha shule, asiharakishe kumwita mvivu au mwenye tamaa.

Mjukuu wangu alizitia zile chembe mbili katika kichupa cha maji. Aliniambia kwamba hataziuza. Nilimwambia ni vizuri, ila ajue kwamba kutouza nako ni utajiri, na kwamba kuna watoto wa rika lake ambao jioni ile ile walikwisha kuziuza za kwao.