Hamsini kwa Mia

Mara ya kwanza kuiona ploti yangu nilikuwa nimeketi ndani ya matatu iliyokodiwa na watu wa kuuza ardhi. Tulikuwa wanunuzi 13, kila mmoja na soda yake na karatasi ya bei. Tulipotoka kwenye lami, kijana wa mauzo alisimama mlangoni, akanyosha mkono upande wa kusini, akasema, "Mnaona vile kuko wazi? Hapa hakuna mtu. Ni nyinyi tu." Tulicheka. Kweli hatukuona mtu. Tulishuka, tukapiga picha kando ya bikoni, tukarudi Nairobi kabla ya saa nane mchana.

Mara ya pili nilienda kwa baiskeli. Ni safari hiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu siku hiyo niliulizwa swali ambalo hadi leo sijalijibu.

Ploti yenyewe ni ya hamsini kwa mia, futi hamsini kwa futi mia, ile ambayo nane zake zinatoshea ekari moja na ambayo nusu ya watu ninaowajua mjini wanailipia polepole. Mimi nililipa miaka mitatu. Hatimiliki ilipotoka, nilikuwa nimenunua baiskeli ya mtumba ili nipunguze tumbo, na sikuwa nimepanda baiskeli tangu shule ya msingi. Nikazunguka mtaani wiki mbili. Halafu Jumamosi moja nikaamua: leo naenda kuona shamba langu kwa nguvu ya miguu yangu mwenyewe.

Kutoka Kitengela hadi karibu na Isinya ni kilomita kama 25. Matatu inazimaliza kabla mazungumzo hayajakolea. Mimi zilinichukua karibu saa mbili. Malori ya kwenda Namanga yalikuwa yakinipita na kunisukuma pembeni kwa upepo wao, na yakishapita, upepo wenyewe wa uwanda unarudi, unakuja kutoka mashariki, unanipiga ubavu wa kushoto bila kupumzika. Nilikuwa nadhani hii nchi ni tambarare kama meza. Kumbe si tambarare hata kidogo. Inapanda na kushuka taratibu, na dereva hawezi kujua, goti linajua. Kila nilipofika juu ya kilima kidogo nilikiona kingine mbele, na Ngong kwa mbali upande wa kulia ikiwa palepale, kana kwamba sijasogea.

Lakini kwenda polepole kulinionyesha vitu. Niliona njia nyembamba za mifugo zikikatiza nyasi, nyingi, zikikutana na kuachana kama mishipa mkononi. Niliona kinyesi kibichi. Niliona majivu ya moto wa jana chini ya mti, na kandambili moja ya mtoto. Nilisikia kengele ya mbuzi kabla sijawaona mbuzi. Nilipoacha lami nikaingia kwenye udongo mweusi, nilianza kupita katikati ya ile migunga mifupi yenye mafundo meusi kama limau lililokauka. Ndani ya mafundo hayo wanaishi sisimizi wadogo, na upepo ukipita kwenye matundu waliyotoboa, mti mzima unapiga mluzi. Hata miti ilikuwa na wenyewe.

Mti huohuo ndio ulionitoboa tairi. Mwiba mrefu kama kidole. Nilikuwa na pampu, nilikuwa na viraka, gundi nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nikakaa chini kando ya baiskeli, jua la saa nne kichwani, nikiangalia huku na huku. Hakuna mtu.

Dakika kumi hazijaisha, mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu. Shuka nyekundu, fimbo, simu imening'inia shingoni kwa kamba. Sijui alitokea wapi. Tukasalimiana. Akaliangalia tairi, akaniangalia, akapiga simu, akaongea maneno machache ya Kimaasai. "Kijana yangu anakuja na pikipiki," akasema. "Yeye ako na gundi." Akaketi kwenye jiwe. Mbuzi zake zikatufikia, zikapita.

"Unaenda wapi?"

"Naenda kuona shamba langu, mzee."

"Shamba lako liko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu, lakini hakuhitaji ramani. Nilipotaja jina la mradi, akanyosha fimbo. "Hapo. Hiyo ilikuwa ya ndugu yangu mdogo. Aliuza. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, na mwingine alikuwa anaenda chuo." Akanyamaza kidogo. "Sikumkataza. Ilikuwa yake."

Kisha akanieleza, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni, kwamba ng'ombe wao walikuwa wakipita pale kwenda silanga kunywa maji. Walikuwa wanafika mapema, wanakunywa, wanarudi malishoni jua likiwa bado chini. Wenye ploti wa kwanza walipoanza kuweka waya, wakapita katikati. Waya zikaongezeka, wakapita pembeni. Sasa wanazunguka mpaka barabarani, na maji wanayafikia saa sita. Wakati wa kiangazi, ng'ombe aliyekonda anazimaliza nguvu zake njiani.

Kijana akafika, akaziba pancha, akachukua shilingi mia akaondoka. Nilikuwa nimeshashika usukani mzee aliponiuliza lile swali.

"Na wewe, utaweka waya?"

Nilisema sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la maana. "Basi ukijua, niambie mapema," akasema. "Ng'ombe wanachukua siku nyingi kuzoea njia mpya." Akanitajia nambari yake, nikaiandika.

Sasa msomaji, nataka tulifikirie jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ni rahisi kuliharibu kwa machozi.

Neno "hakuna mtu" lina historia ndefu kwenye nyanda hizi. John Locke, katika kitabu chake juu ya serikali kilichotoka mwaka 1689, alijenga hoja kwamba mtu huifanya ardhi kuwa yake kwa kuichanganya na jasho lake: kulima, kupanda, kuboresha. Ardhi isiyoguswa na jembe aliihesabu kama iliyokaa bure, na mfano aliopenda kuutumia ni Marekani, kana kwamba wenyeji wa kule walikuwa wapita njia. Hoja hiyo ilisafiri. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu serikali ya kikoloni hapa kwetu kugawa ardhi ambayo Waafrika hawakuwa wakiikalia. Lakini mfugaji anakalia wapi? Boma lake liko huku, nyasi za masika ziko kule, maji ya kiangazi yako kwingine. Ukimtembelea siku moja tu, sehemu kubwa ya nchi yake utaikuta haina mtu. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa saini ya kuhama Bonde la Ufa, wakaahidiwa Laikipia na hifadhi ya kusini kwa muda wote watakaokuwepo kama watu. Mwaka 1911 wakatolewa Laikipia pia. Walienda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa: mahakama ilisema yale yalikuwa makubaliano kati ya dola mbili, hivyo hayako chini ya mahakama hiyo. Siku ile ya kuchukua, waliitwa watu wasiojua kumiliki. Siku ya kulalamika, wakaitwa dola.

Ni rahisi kwangu kusoma historia hiyo na kukasirika. Mimi si Mzungu, sikumpokonya mtu. Nilinunua kwa mtu aliyetaka kuuza, kwa sheria ya Kenya, na pesa ile ilimsaidia kumtibu mtoto. Mashamba ya pamoja yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 yalianza kugawanywa miaka ya 1980, na wenyewe ndio waliopiga kura kugawa, wengine kwa hofu kwamba wakikawia, wakubwa watawatangulia. Na mimi ninahitaji nyumba. Nimelipa kodi ya chumba Nairobi miaka 14. Atakayeniambia nimefanya dhambi kununua futi hamsini kwa mia, naomba anionyeshe yeye anaishi wapi.

Basi ubaya uko wapi? Hapo ndipo baiskeli ilinikwamisha. Nilipofika kwenye ploti na kuhesabu, safu yetu ina vipande vingi, kila kimoja futi hamsini upande wa mbele. Hakuna hata mmoja wetu aliyefunga njia ya ng'ombe. Kila mmoja alifunga futi zake hamsini tu, kwa sababu zake nzuri: wezi, mbuzi wanaokula miche, watu wanaouza ploti moja mara mbili. Ukituita mahakamani mmoja mmoja, sote tutaachiliwa. Na njia imefungwa.

Kuna wanaojitetea kwa hesabu: "Waya yangu moja haibadilishi kitu." Ni kweli. Nisipoweka waya, ng'ombe bado hawapiti, maana kulia na kushoto kumefungwa. Uwazi wangu wa futi hamsini si njia, ni shimo tu kwenye ukuta. Lakini angalia hesabu hiyo vizuri. Ikiwa kila mmoja anaweza kuisema, na kila mmoja anasema kweli, basi kuna madhara makubwa yasiyo na mtenda. Mzee yule anazunguka saa nzima, na hakuna aliyemzungusha. Kitu hapo hakiendi sawa. Nadhani kosa ni kuuliza, "Je, mimi nimefunga njia?" badala ya, "Je, sisi tumefunga njia, na mimi ni wa sisi hao?" Swali la kwanza linanisafisha. La pili linanitaka niongee na majirani.

Hata Locke aliweka sharti ambalo waliomtumia hawakulipenda sana: anayechukua awaachie wengine ardhi ya kutosha, na iliyo nzuri vilevile. Mtu mmoja na futi zake hamsini analitimiza sharti hilo bila shida. Mia tatu wakipangwa mstari mmoja kati ya ng'ombe na maji, hawalitimizi.

Na si ng'ombe tu. Zamani nyumbu wa Nairobi walikuwa wakitoka mbugani mvua zikinyesha, wanatawanyika kwenye nyanda hizi za Athi na Kapiti, kisha wanarudi kiangazi. Msafara huo umepungua hadi kubaki kivuli. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba kusini mwa mbuga wasiweke waya, kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Kwa ploti yangu ingekuwa nusu dola. Nilipoipiga hesabu hiyo nilicheka, halafu sikucheka tena. Uwazi una thamani kubwa sana ukiwa mzima, na ukikatwa vipande nane vya ekari kila kipande kinakuwa na bei ya chapati mbili.

Niliongea na majirani. Tuna kundi la WhatsApp la wenye ploti, ambalo kwa kawaida ni la stima na maji. Niliandika kwa adabu: je, tunaweza kukubaliana kuacha futi kumi kila mmoja kwenye ule mpaka wa nyuma, ili mifugo ipite kufika silanga? Kulikuwa kimya siku nzima. Jioni mtu mmoja aliweka kidole gumba. Mwingine akatangaza kwamba anauza waya wa seng'enge na nguzo kwa bei ya jumla. Asubuhi dada mmoja akaandika: "Ndugu, mimi nililipa hamsini kwa mia. Sikulipa hamsini kwa tisini. Hiyo kumi nilifulia watu nguo." Sikuwa na jibu la haraka. Sina hata sasa. Futi kumi zake zimemgharimu zaidi kuliko zangu zilivyonigharimu mimi, na ni rahisi kuwa mkarimu kwa jasho la mwingine.

Mke wangu naye anasema ploti isiyo na waya ni kama mlango usio na komeo. Tutaikuta siku moja ina mabati ya mtu. Huenda ni kweli. Sijaamua. Watu watatu kwenye kundi wameniandikia pembeni wakisema wanaweza kuacha zile futi, na ploti zao hazipakani na yangu wala zenyewe kwa zenyewe. Ni mwanzo wa kitu au si kitu, sijui. Ninachojua ni kwamba siwezi tena kusema kulikuwa hakuna mtu. Maneno yale niliyasema pia mimi, nikiwa nimekaa kando ya tairi lililopasuka, na mtu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilirudi Kitengela saa kumi na mbili jioni, mapaja yakitetemeka. Nambari ya mzee iko kwenye simu. Alisema nimwambie mapema, ili ng'ombe wazoee. Bado sijampigia.