Wasiojongea

Neno lililonisumbua lilikuwa kwenye fomu: "wasiojongea". Halikuandikwa "waliokufa". Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, mbele yangu bika 24 za maji, kila moja na dafnia watano, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

Dafnia huitwa kiroboto wa maji, ingawa si kiroboto. Ni ndugu mdogo wa kamba na kaa, na makazi yake ni maji baridi. Mwili wake unapenyeza mwanga. Ukimweka chini ya hadubini unauona moyo wake ukipiga. Hali ikiwa nzuri, jike huzaa bila dume, na watoto huwa nakala za mama. Ndiyo sababu maabara zinampenda: ndugu wanaofanana hivyo wakidhurika tofauti, wa kulaumiwa ni maji, si damu yao.

Tulifuata Mwongozo namba 202 wa OECD. Unachukua watoto wasiozidi saa 24 tangu wazaliwe. Unazimua maji yanayoshukiwa kwa viwango vitano, 20 kwa kila kiwango, na wengine 20 katika maji safi ya kulinganishia. Baada ya saa 48 unatikisa chombo taratibu na kusubiri sekunde 15. Asiyeogelea anahesabiwa, hata kama bado anachezesha vipapasio vyake. Mwishoni unatafuta kiwango kinachosimamisha nusu yao.

Mmoja alikuwa bado anachezesha. Niliandika alama, kisha kalamu ikasita.

"Ni wadudu tu," mwenzangu alisema. Sheria nazo karibu zinasema hivyo hivyo. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 kuhusu wanyama wa maabara linalinda wenye uti wa mgongo, pamoja na pweza na ngisi. Dafnia hayumo. Lakini Jeremy Bentham alikwisha kutuonya kwamba swali si kama mnyama anafikiri, bali kama anaumia. Kwa dafnia, sina jibu. Wahenga nao walitujua: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hata hivyo, sikuacha. Maji yale tuliyachota kwenye kijito kinachopita nyuma ya kiwanda. Chini yake kuna bustani za mchicha, na watoto huoga humo wakitoka shule. Nikatambua kwamba jaribio lilikuwa limeshaanza kabla sijavaa koti jeupe. Kijito kizima kilikuwa bika, na hakikuwa na maji ya kulinganishia. Kukataa kuwatumia dafnia kusingelisimamisha jaribio hilo. Kungetunyima tu fursa ya kusoma matokeo yake mapema. Kweli, dafnia si mtoto, na kinachomsimamisha yeye si lazima kimdhuru mtoto. Lakini maji yanayomsimamisha ni maji ya kuulizwa maswali.

Kwa hiyo naamini tunaruhusiwa, ila kwa deni. Ukimuua kiumbe ili akupe jibu, huna tena haki ya kulikalia jibu lake. Kosa langu halikuwa kwenye bika. Niliandika ripoti, nikapata alama nzuri, ripoti ikaingia kabatini. Ikakaa humo miezi minane, huku mimi nikinunua mchicha soko lile lile na kuuosha mara mbili. Ikiwa kuna ukatili katika habari hii, ni hiyo miezi minane. Wale 120 walikuwa wamekufa kwa ajili ya alama zangu tu. Nasema 120 kwa sababu hata waliobaki wanaogelea hatukuwatumia tena.

Hatimaye niliipeleka ripoti ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani, aliipindua kurasa, akatazama jedwali, akanitazama mimi.

"Sasa binti, hawa wadudu wako wanasema nini?"

"Shikamoo tena, mzee," nilisema, maana koo lilikauka. Kisha nikavuta kiti na kumweleza, bika moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye neno "wasiojongea", nikasema wamekufa.

Aliandika barua siku ile ile. Bado tunasubiri majibu, na kila Jumatatu napita kuuliza.