Wajibu wa Mwonyesha Njia

Kuonyesha njia ni kazi ambayo watu wengi huiona kuwa ndogo. Mgeni husimama penye njia panda, huuliza, hujibiwa, hushukuru, akaenda zake. Walakini aliyejibu ameshika dhamana ya safari ya mwenziwe. Akisema kwa uhakika jambo asilolijua, mgeni atalala porini. Yafaa basi tujiulize: mtu anapounda chombo cha kuonyesha njia, badala ya kuionyesha kwa kinywa chake, je, dhamana hiyo humtoka?

Swali hili si la mbali. Kijana wa shule ya sekondari katika Homa Bay au Migori, akijua hesabu na akiwa amejifunza kuandika programu, aweza leo kuifanya simu ya mkononi iwe kiongozi wa mtu aendaye kwa miguu. Setilaiti za mfumo uitwao GPS, ambao Marekani iliuanzisha kwa ajili ya majeshi yake na kurusha setilaiti ya kwanza mwaka 1978, huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Simu ikipokea ishara za setilaiti nne hupata kujua mahali ilipo. Hadi Mei 2000 Marekani ilizivuruga kwa makusudi ishara walizopewa raia. Siku hizi, mahali palipo wazi, kosa aghalabu ni mita chache tu. Hesabu iliyobaki ni nyepesi, na nchi yetu imependelewa katika jambo hili, maana karibu na ikweta digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo hukaribia kuwa sawa, kilomita 111 hivi. Mji wa Migori uko kiasi cha digrii moja kusini mwa ikweta, na Homa Bay nusu yake. Kanuni ya Pythagoras, ile ile ya ubaoni, yatosha kukadiria umbali, na pembe ya pembetatu hiyo hutoa upande wa kuelekea. Mshale hutokea juu ya kioo, na chini yake idadi ya kilomita.

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mshale hauna haya. Mtu aliyesimama Mbita akitaka kufika Luanda Kotieno ataelekezwa moja kwa moja juu ya maji ya Ghuba ya Winam, mahali ambapo watu huvuka kwa feri. Akigeuka kwenda kusini, mshale waweza kumwingiza katika Bonde la Lambwe, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye nyati na vifaru. Katika Nyatike utamwonyesha ng'ambo ya mto Kuja bila kuuliza kama mto umefurika, nao hufurika mara kwa mara. Hata Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe yaliyopangwa bila udongo, lililotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, mshale utamfikisha ukutani, ilhali mlango uko upande mwingine. Katika yote haya hesabu haikukosea hata kidogo.

Mzee aulizwaye njia humtazama kwanza anayeuliza. Humwona mama mwenye mtoto mgongoni, hutazama jua limebaki kiasi gani, ndipo husema, "Mwanangu, pita huku juu, chini maji yamejaa." Sisemi kwamba wazee hawakosei. Wako wasiokubali kutamka neno "sijui", wakampeleka mgeni kokote ili kulinda heshima yao. Hao ni ndugu za mshale: jibu lao lina uhakika kuliko ujuzi wao.

Pengine mtu atasema kwamba lawama ni ya mtembeaji mwenyewe, kwa kuwa ana macho. Neno hili lina kweli mchana, na katika nchi aliyoizoea. Lakini ni nani ahitajiye kiongozi katika nchi aliyoizoea? Twamtengenezea mgeni chombo kwa sababu hajui, kisha twamlaumu kwa kutojua. Naona hiyo si haki.

Wala sidai kwamba kijana huyo ajue kila kivuko cha Nyatike kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Kazi ingekufa siku hiyo hiyo. Namdai machache. Alama ya mtembeaji izungukwe na duara, nalo lipanuke ishara zinapodhoofika. Ishara zikikatika, mshale uzimike, usibaki ukielekeza kule ulikoelekeza mwisho. Kilomita ziandikwe wazi kuwa zimepimwa kwa mstari ulionyooka, si kwa njia ya miguu. Kisha atoke mwenyewe mchana, daftari mkononi, aulize watu na kuandika vivuko na malango anayoyaona. Programu ya namna hii itaonekana duni kando ya zile zenye sauti tamu na mistari ya rangi, na wengine wataicheka kwa sababu kioo chake husema "sijui" mara nyingi mno.